Tanki la Pili Si la Kupigia Picha

Wasee, hii posti nilifaa kuiandika miezi mitatu iliyopita. Nimekuwa nikiikwepa.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya tanki. Ile ya sekunde hamsini: Land Cruiser kuukuu imeinuliwa juu ya magogo hapa kwetu Ndithini, fundi yuko chini amelalia gunia, cheche zinaruka, na mimi niko nyuma ya simu nachekelea. Nikaandika juu yake, "Dubai ya nini na fundi wetu yuko hapa?" Ikatembea. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikafika mbali hivyo.

Fundi mwenyewe ni binamu yangu. Wiki hiyo simu yake haikunyamaza. Watu wa Thika, wa Matuu, hadi wa Nairobi, wote wakitaka tanki la pili kwa bei ya mtaa. Mimi nikajiona nimemfungulia duka.

Halafu Februari mtu akaleta tanki la petroli aliloling'oa kwa gari lingine. Alitaka likatwe, lipanuliwe, kisha lifungwe kwa 4x4 yake. Binamu yangu akauliza kama limeoshwa. Akajibiwa, "Hiyo iko tupu, boss. Imekaa kwa jua siku tatu. Weka moto tu." Akanusa, hakusikia harufu ya maana, akawasha grainda.

Leo mkono wake wa kushoto haufungi ngumi. Sikio moja halisikii vizuri. Tulifanya mchango, familia na majirani, kila mtu akatuma alichokuwa nacho. Mwenye tanki alizima simu siku hiyo hiyo na hatujawahi kumsikia tena.

Siandiki mnionee huruma, na siandiki mtume pesa. Naandika kwa sababu ile video bado mnaisheana, na ndani yake nilisema vitu ambavyo sikuvijua. Kwa hivyo leo nataka kusema nilichojifunza tangu hapo, kwa kuuliza mafundi wazee, madereva wa kaskazini na watu waliosomea hii kazi.

Msimamo wangu ni huu. Wengi wenu hamhitaji tanki la pili. Wachache mnaolihitaji, lipieni kazi kamili. Na hakuna mtu, hata kama ni rafiki yangu, anayefaa kumpelekea fundi tanki lililowahi kubeba petroli na kumwambia liko tupu.

Kwanza piga hesabu

Manze najua inakaa fiti. Keria juu, snokeli pembeni, tairi kubwa, na ukiulizwa unasema "hii inabeba lita mia na themanini." Lakini tuweke kalamu kwa karatasi.

Chukua Land Cruiser ya dizeli ya kawaida, zile injini za zamani za lita 4.2. Kwa lami, ukiendesha kama mtu mwenye akili, inakupa kama kilomita 7 kwa lita. Tanki la lita 90 ni kilomita 630. Nairobi hadi Marsabit kupitia Isiolo ni kama kilomita 530, na siku hizi ni lami mwanzo hadi mwisho. Yaani unatoka Nairobi umejaza, unafika Marsabit na mafuta bado yako, na Marsabit mjini kuna stesheni. Ukitaka kuendelea Moyale, ni lami pia. Sasa niambie tanki la pili lilikuwa la nini.

Na wengi wenu hata Isiolo hamfiki. Form yenu ni Magadi, ni Amboseli, ni wikendi hapa Masinga Dam mle samaki mrudi. Kwa safari hizo, tanki la pili ni mzigo. Lita moja ya dizeli ina uzito wa karibu gramu 840. Lita 90 ni kilo 75 na kitu. Hiyo ni mtu mzima umemfunga chini ya gari, kila siku, hata ukienda dukani kununua maziwa. Unanunua mafuta ya kubeba mafuta.

Kuna watu wataniambia, "Lakini wanaume wa porini wote wanaweka." Sawa, tuongelee wanaume na wanawake wa porini. Rhino Charge imekuwepo tangu 1989. Hayo ndiyo mashindano ya 4x4 yenye heshima kuliko yote hapa Kenya, na pesa zake zimejenga ua wa kulinda msitu wa Aberdare. Mnajua mshindi anapatikanaje? Unapewa saa kumi kupita vituo 13 porini, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa kilomita chache zaidi. Wale watu hupanda mawe na kushuka makorongo ili kupunguza umbali. Pale hakuna anayepewa pointi kwa ukubwa wa tanki.

"Lakini bei ya mafuta, bro"

Hii nayo naisikia sana. Kila tarehe 14, EPRA wanatangaza bei mpya, na msee anajiambia akiwa na tanki la pili atajaza usiku huo kabla bei ipande. Naelewa hiyo hasira. Septemba 2023 petroli ilifika shilingi 211.64 Nairobi. Aprili 2022 tulipanga foleni kwa stesheni na zingine zilikuwa kavu kabisa. Mtu akiwa na makovu kama hayo, kuficha lita 90 chini ya gari kunaonekana ni ujanja.

Piga hesabu tena. Tuseme bei imepanda shilingi 5. Lita 90 mara 5 ni 450. Umeokoa mia nne na hamsini, mara moja kwa mwezi, tena mwezi ambao bei imepanda kweli, maana kuna miezi inashuka na hapo umejinunulia hasara. Tanki, pampu, paipu na kazi ya fundi vitajilipa lini? Miaka. Hiyo si benki, ni ubatili.

Nani basi anahitaji?

Kuna watu wanahitaji kweli na sitawacheka.

Toka Marsabit mjini uende Loiyangalani, kule Ziwa Turkana. Ni zaidi ya kilomita 200 kwenda peke yake. Hakuna lami. Ni changarawe, mawe meusi, na ukipitia Chalbi ni mchanga na chumvi. Gari lililokuwa likikupa kilomita 7 kwa lita sasa linakupa 5, siku mbaya hata chini ya hapo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 450 ukiongeza kuzungukazunguka. Gawanya kwa 5, unapata lita 90. Tanki lako lote, na hujawekea akiba kupotea njia au lugga iliyojaa maji ikakulazimisha kuzunguka.

Huko utapata mafuta, lakini mara nyingi ni ya dramu, yanapimwa kwa mtungi, na hujui yamekaa pale muda gani wala kama maji yameingia. Madereva wa kule wanachuja kwa kitambaa kabla ya kumimina. Ndiyo maana zile Land Cruiser ndefu za mashirika, zenye viti vya pembeni kule nyuma, huuzwa zikiwa na matanki mawili ya lita 90 kutoka kiwandani. Hawakuweka kwa sababu ya picha. Nesi anayepeleka chanjo vijijini hawezi kusimama katikati ya jangwa akingoja mtu apite na dramu.

Kwa hivyo ukiwa wewe ni wa kazi hiyo, au unapeleka wageni Turkana kila mwezi, tanki la pili ni akili. Ukiwa unaenda mara moja kwa mwaka, jerikeni mbili za chuma za lita 20 zinatosha. Lita 40 kwa kilomita 5 ni kilomita 200 za ziada. Safari ikiisha unazitoa na gari linarudi uzito wake.

Ila jerikeni nazo zina heshima zake. Zikae nje ya gari, zimefungwa kwa mkanda. Ndani mnakaa nyinyi, mvuke wa mafuta hauna kiti. Unapojaza, ishushe uiweke chini ardhini. Usiijaze ikiwa kwa pickup au kwa buti, hasa ile ya plastiki, maana umeme wa msuguano unajikusanya na cheche moja inatosha. Usiijaze hadi mdomoni pia, acha nafasi, mafuta hupanuka kwa joto. Na petroli kwa mtungi wa mafuta ya kupikia, tafadhali. Sisi wa Ndithini tumekulia petroli ya boda kwa chupa za soda kwa kibanda, tumezoea vibaya. Kuzoea kitu hakukifanyi kiwe salama.

Tanki la kweli linakaaje

Hapa ndipo video yangu ilidanganya zaidi. Nilionyesha kama tanki ni sanduku la chuma lenye mdomo na paipu. Sivyo. Ukienda kwa fundi, muulize haya, na akikosa jibu, shukuru uende.

Moja, kuta za ndani. Tanki la lita 90 lililojaa nusu ni mafuta yanayorukaruka. Ukikata kona au ukifunga breki, kilo arobaini zinahamia upande mmoja kwa ghafla. Lazima kuwe na vibati ndani vyenye mashimo vya kuyapunguza mwendo.

Mbili, mahali pa kupumua. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie. Bila hiyo tanki linajivuta, pampu inahangaika, gari linazima mbali na watu. Lakini hiyo paipu ya hewa iende juu na iwe na valvu, ndiyo gari likipinduka mafuta yasimwagike.

Tatu, chuma gani. Hii wengi hawajui, hata mimi sikuijua. Mabati yaliyopakwa zinki, yale ya kung'aa tunayoezekea nyumba, hayafai kwa dizeli. Zinki inashikana na dizeli na kutengeneza uchafu kama sabuni ambao unaenda kuziba chujio na nozeli. Utalaumu stesheni kumbe ni tanki lako. Tafuta alumini, chuma kisichoshika kutu, au tanki la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Nne, mafuta yanafikaje kwa injini. Injini ya dizeli haichomi yote inayovuta, mengine hurudi kwa tanki. Ukiweka swichi ya kubadilisha paipu ya kuvuta peke yake, utakuwa unavuta tanki la pili na kurudisha kwa la kwanza. Kama la kwanza limejaa, litamwaga barabarani na wewe uko ndani unaimba. Njia rahisi ni tanki la pili lijaze la kwanza kwa pampu ndogo, na injini ivute la kwanza tu. Unawasha pampu geji ikifika nusu. Ukiiwasha likiwa limejaa, umerudi pale pale.

Tano, limefungwaje. Chesisi ya 4x4 hujikunja barabara mbaya. Tanki likiweldiwa moja kwa moja kwa chesisi, siku moja litapasuka kwenye kona zake. Lishikwe kwa mikanda na mipira. Liwe mbali na egzosi. Lisining'inie chini kuliko ekseli, maana jiwe la kwanza litakutana nalo. Na kama liko nyuma ya ekseli, springi zako zijue kuna mgeni.

Sita, limejaribiwa? Hewa kidogo ya presha ndogo, povu la sabuni kwenye kila mshono, unaangalia mapovu. Hii inafanywa likiwa jipya, kabla halijaonja mafuta. Dakika ishirini tu.

Na ukishafunga, ambia watu wa bima yako. Gari ukilibadilisha kimya kimya halafu lishike moto, hiyo ndiyo sababu ya kwanza watakayotafuta ya kukataa kulipa.

Kuhusu neno "tupu"

Sasa sehemu ambayo inaniuma.

Petroli yenyewe, ile ya maji maji, si ndiyo inayolipuka. Ni mvuke wake, ukichanganyika na hewa. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha. Tanki lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa. Tanki "tupu" lina hewa tele, na petroli imejificha kwenye kutu, kwenye mishono, chini ya uchafu. Kwa tanki la lita 90, kijiko kimoja cha kulia chakula kikigeuka mvuke kinatosha kulifanya bomu. Kijiko kimoja.

Kuliweka juani siku tatu si kulisafisha. Jua linayageuza yale mabaki kuwa mvuke, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo unakaa chini ndani ya tanki ukingoja. Kulisuuza kwa sabuni ya Omo si kulisafisha. Kunusa si kupima. Wanaofanya kazi hii sawasawa hulisafisha kwa mvuke wa maji moto kwa muda mrefu, hupima kwa mashine ya gesi, na wengine hujaza gesi isiyowaka kabla ya kugusa moto. Na usidhani dizeli ni salama, moto wa kuweldi ukiipasha mabaki yake nayo hutoa mvuke.

Sisi Wakenya tulishafundishwa hii. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachang'wan karibu na Molo, watu wakaenda kuchota, moto ukashika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tulilia, tukasahau. Pale ilikuwa lori zima kando ya barabara kuu. Kwa gereji inakuwa tanki moja na mtu mmoja, kwa hivyo haifiki hata kwa habari.

Najua mtu atasema fundi alifaa kukataa. Kweli, alifaa. Hata yeye anasema hivyo. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu jinsi tunavyoongea na mafundi wa jua kali. Tunafika na gari la milioni kadhaa, tunaanza kulia bei. "Fanyia mteja, nitakuletea wengine." Tunamwambia akikataa kuna mwingine kule mbele. Yeye hajauza kitu tangu Jumatatu na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Huyo mtu hana uhuru wa kukataa kama wako. Ukimpunja bei ya kazi, kitu cha kwanza kinachokatwa ni usalama, kwa sababu usalama ndio hauonekani kwa picha.

Na mimi ndiye nilipiga picha. Nilimwita "fundi wa bei poa." Nilidhani namsifu. Kumbe niliwaambia maelfu ya watu kwamba thamani yake ni urahisi. Sikuwahi kusema ana mkono mzuri, au kwamba hupima mara mbili kabla ya kukata. Sisi wenye simu tunapenda kusema "tunainua vipaji vya mtaa." Ukimwinua mtu, angalia kwanza unamweka wapi.

Ninachoomba

Ile video nimeifuta. Nakala ziko huko nje na siwezi kuzifikia zote, kwa hivyo mkiziona, wekeni hii chini yake.

Kama una 4x4 na unataka tanki la pili, piga hesabu niliyoonyesha hapo juu. Ikikuambia huhitaji, nunua jerikeni mbili za chuma. Ikikuambia unahitaji, nunua tanki jipya au litengenezwe kwa chuma kipya. Usipeleke kuukuu. Kama una pesa ya kuinua gari na kuliwekea taa kumi na mbili kwa paji la uso, una pesa ya hii.

Kama wewe ni fundi, au unasomea ufundi, na najua mko wengi hapa: "hapana" ni jibu. Na nyinyi mnaofundisha kwenye vyuo vya ufundi, wafundisheni hii wiki ya kwanza, kabla ya jinsi ya kushika elektrodi.

Binamu yangu amerudi kazini. Anaweldi mageti na madirisha, kwa mkono mmoja na nusu, na kijana wa jirani anamshikia vyuma. Wiki iliyopita jamaa alikuja na tanki kwa pickup, ameona video ya zamani. Binamu akamuuliza lilikuwa la nini. La petroli. Akamwonyesha mkono, hakusema kitu kingine. Jamaa akawasha gari, akarudi nalo.

Kama ulisheana ile ya kwanza, sheana na hii.